Malalamiko kuhusu tamthilia ya Chucky: msimu wa tatu umeuzwa nusu kwa jina la mzima

Tabata,
Dar es Salaam.
Novemba 2025

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: TAMTHILIA YA CHUCKY KUTANGAZWA "KAMILI" WAKATI SEHEMU NNE HAZIPO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wa huduma yenu ya filamu na tamthilia kwa njia ya intaneti. Nilihama kifurushi cha kawaida nikaenda kile cha juu kwa sababu moja tu: tangazo lenu lililosema mmeleta tamthilia ya Chucky, ile ya kutisha ya Marekani inayohusu mdoli muuaji, "misimu yote mitatu, kamili". Nimelipia, nimeangalia, na sasa nawaandikia kuwaeleza kwamba mlichouza hakilingani na mlichotangaza.

Tamthilia hiyo ina misimu mitatu, kila mmoja sehemu nane, jumla 24. Kwenu zipo 20. Msimu wa tatu unakatika kwenye sehemu ya nne, usiku wa Halloween ndani ya Ikulu ya Marekani, wakati Jake, Devon na Lexy, vijana tuliowafuatilia tangu msimu wa kwanza, wamo ndani ya jengo lile na hatujui watatokaje. Hapo programu yenu inaandika "Umemaliza tamthilia hii" na kuanza kunipendekezea vichekesho. Ni sawa na kuuziwa doti ya khanga dukani, ukiifungua nyumbani unakuta kipande kimoja.

Nilipiga simu. Binti aliyepokea alikuwa mpole na mwenye heshima, na simlaumu hata kidogo, maana alinisomea alichoandikiwa. Aliniambia kwamba watengenezaji wenyewe waliishia hapo kwa sababu tamthilia ilisitishwa. Jibu hilo si kweli, na kwa kuwa wateja wengine huenda wanapewa hilo hilo, naomba nilinyooshe.

Tarehe 2 Mei 2023 waandishi wa filamu na televisheni wa Marekani waligoma, na katikati ya Julai waigizaji nao wakagoma. Kazi ya kurekodi msimu wa tatu, iliyokuwa ikifanyika Toronto, Kanada, ikasimama. Kwa hiyo chaneli za Syfy na USA Network zilionyesha sehemu nne za mwanzo Oktoba 2023, watazamaji wakasubiri, na sehemu nne za pili zikaonyeshwa kuanzia tarehe 10 Aprili hadi tarehe 1 Mei 2024. Uamuzi wa kutoendelea na msimu wa nne ulitangazwa mwishoni mwa Septemba 2024, miezi mingi baada ya sehemu ya 24 kwisha kuonyeshwa. Ninavyoona mimi, aliyewanunulia tamthilia alichukua fungu la kwanza, fungu la pili lilipotoka hakuna aliyelifuatilia, kisha mtu wa matangazo akaandika "kamili" bila kuhesabu.

Mtaniuliza kwa nini nasumbuka hivi kwa sehemu nne. Nasumbuka kwa sababu ya kilichomo ndani yake. Brad Dourif ndiye sauti ya Chucky tangu filamu ya kwanza ya 1988. Alicheza kwa sura yake kama Charles Lee Ray, muuaji wa Chicago anayepigwa risasi na polisi na kuihamishia roho yake ndani ya mdoli wa dukani kwa maneno ya voodoo. Baada ya hapo, kwa miaka na miaka, tulibaki na sauti yake tu, na mara chache mno tukamwona mwenyewe. Katika nusu ya pili ya msimu wa tatu anarudi mbele ya kamera kwa sura na mwili wake, mzee sasa, akiwa Charles Lee Ray. Kwa shabiki wa hadithi hii hakuna jambo kubwa kuliko hilo katika tamthilia nzima. Ninyi mmeliacha nje, na mmeniambia halipo.

Lazima pia mjue mnashughulika na kitu cha aina gani. Hii si filamu ya zamani iliyofufuliwa kwa kuwapa watu wapya majina ya zamani. Don Mancini, aliyebuni hadithi hii akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu Los Angeles miaka ya 1980, ndiye aliyeandika filamu saba za mfululizo huu kuanzia 1988 hadi 2017, peke yake au pamoja na wenzake, na ndiye aliyeunda tamthilia ilipoanza Oktoba 2021. Hakufuta lolote. Alex Vincent, yule mtoto aliyeigiza Andy, mtoto mwenye mdoli huo katika filamu ya 1988, yumo kwenye tamthilia akiwa Andy huyo huyo, mtu mzima ambaye maisha yake yote yameliwa na mdoli mmoja. Christine Elise, dada wa kulelewa wa Andy katika filamu ya 1990, yumo. Jennifer Tilly, aliyeingia mwaka 1998, yumo. Fiona Dourif, binti wa Brad, anaendelea kama Nica aliyeanza kumwigiza 2013, na katika msimu wa kwanza anapakwa vipodozi na kuvalishwa hadi anakuwa Charles Lee Ray wa ujana, yaani binti anaigiza nafasi ya baba yake! Hata mdoli wenyewe unachezeshwa na watu kadhaa kwa wakati mmoja, huyu macho, yule mdomo, mwingine mikono, kazi ya timu ya Tony Gardner, fundi wa midoli ya filamu. Sisi tuliomwona Chucky mara ya kwanza kwenye mabanda ya video, kanda ikikwaruza, tumekua pamoja na watu hawa. Hadithi ya namna hii haikatwi popote pale na kuitwa nzima.

Hapo ndipo lilipo kosa lenu la pili. Juu ya msimu wa kwanza mmeweka filamu ya Chucky ya 2019 na kuiita "Utangulizi: anzia hapa". Filamu hiyo haihusiani na tamthilia. Haki za filamu ya kwanza zilibaki kwa kampuni ya filamu ya MGM, za zile zilizofuata ziko kwa kampuni ya Universal, na ndiyo maana MGM waliweza kuitengeneza upya bila Mancini. Chucky wa 2019 hana roho ya mtu ndani yake. Ni kifaa cha kielektroniki kilichoondolewa vizuizi vya usalama kiwandani, na sauti ni ya Mark Hamill. Ina mashabiki wake, siwanyimi haki yao. Lakini mdogo wangu aliifuata njia yenu, akaanza na filamu hiyo, akaingia msimu wa kwanza, na akabaki akiniuliza huyu Charles Lee Ray ametokea wapi na kwa nini mdoli uliovunjwa na kuharibiwa uko mzima unauzwa na vitu vya mitumba mbele ya nyumba ya mtu mjini Hackensack, New Jersey. Aliacha kuangalia kwenye sehemu ya pili. Mmempotezea mtu tamthilia nzuri kwa kibandiko kimoja.

La tatu ni zito kuliko yote, ingawa maelezo yake ni mafupi. Picha ya tamthilia hii inatokea kwenye safu yenu ya watoto, katikati ya katuni, nadhani kwa sababu mashine yenu imeona mdoli. Marekani imepewa alama ya TV-MA, yaani ni ya watu wazima. Katika sehemu ya kwanza tu baba wa Jake, anayempiga mwanawe kwa sababu mtoto anampenda mvulana mwenzake, anauawa kwa umeme. Hadithi inaongea mambo mazito kuhusu vijana wanaonyanyaswa nyumbani na shuleni, na inayaongea vizuri, ila si kwa mtoto wa miaka saba. Mwanangu aliniita akiniuliza kama anaweza kuuangalia "huo mdoli wenye nywele nyekundu". Nilikuwepo nikamkataza. Iondoeni leo, kabla hata hamjamaliza kunijibu mengine.

Yapo yanayonifanya niwe mkali katika hili. Mancini amekuwa akieleza kwamba wazo lake lilitokana na mtindo wa midoli iliyogombaniwa madukani Marekani miaka ile, na namna matangazo yalivyokuwa yakiwalenga watoto. Baba yake mwenyewe alifanya kazi ya matangazo. Katika filamu ya 1988 Andy anaulilia ule mdoli kwa sababu ameuona kwenye televisheni, na mama yake, mjane asiye na kipato cha kutosha, anaununua kwa mchuuzi wa mtaani kwa kuwa wa dukani umemshinda bei. Tangazo lilimwahidi mtoto rafiki, likamletea kingine. Kazi iliyojengwa juu ya jambo hilo ilistahili kutangazwa kwa ukweli.

Ninachoomba ni hiki. Wekeni sehemu nne zilizobaki. Kama hamna haki ya kuzionyesha, ondoeni neno "kamili" kwenye tangazo na kwenye ukurasa wa tamthilia, muandike wazi kwamba msimu wa tatu mnao nusu, na mturudishie tofauti ya bei sisi tuliopandisha kifurushi kwa ajili ya tangazo hilo. Kama sehemu hizo zimezuiwa kwa sababu ya maudhui, semeni hivyo; ni sababu ninayoweza kuielewa hata kama siipendi. Filamu ya 2019 itengeni isimame peke yake. Na wahudumu wenu wa simu wapeni maelezo sahihi, maana wao ndio wanaotukanwa kwa makosa yasiyo yao.

Nimeanza kwenu kwa sababu ndio utaratibu: mteja hulalamika kwanza kwa mtoa huduma. Nisipopata jibu la kuridhisha nitaipeleka barua hii TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na suala la tangazo nitalifikisha Tume ya Ushindani. Ushahidi ninao: picha ya tangazo lenu, picha ya ukurasa wenye maneno "Umemaliza tamthilia hii", na risiti za malipo. Nimeambatanisha nakala.

Naomba jibu la maandishi kutoka kwa mtu aliyeifungua tamthilia hiyo mwenyewe na kuhesabu sehemu zilizopo.

Wenu,

Mteja wa Tabata
(namba ya akaunti imeandikwa kwenye viambatanisho)