Baba Neema, mimi nachagua nyasi halisi

Baba Neema, rafiki yangu,

Salamu nyingi kutoka Michigan. Natumaini wewe, Mama Neema na watoto hamjambo, na kwamba mvua za vuli zimewafikia kwa wakati. Sisi huku tu wazima, tunaishi ndani ya makoti.

Umelalamika kwamba siku hizi nachelewa kujibu. Kilichonishika ni uwanja. Chuo ninachofanyia kazi kinataka kuufanyia matengenezo makubwa uwanja wake wa mpira wa Kimarekani, na kamati imegawanyika kati ya wanaotaka nyasi bandia na wanaotaka nyasi halisi zibaki. Mwezi ujao nitasimama mbele yao kwa niaba yetu sisi tunaoutunza. Nakuandikia wewe kwanza kwa sababu tulisoma udongo pamoja pale SUA, chuo chetu cha kilimo Morogoro, na huku sijapata mtu wa kubishana naye habari za mizizi hadi usiku wa manane.

Msimamo wangu nausema tangu sasa: nataka nyasi halisi, na nataka zipandwe juu ya mchanga, si juu ya huu udongo wa mfinyanzi tulio nao.

Wewe ni mtu wa soka, kwa hiyo nikueleze kidogo. Huu ni mchezo wa kugongana. Vijana wenye kilo mia na zaidi wanasukumana, wanasimama ghafla, wanageuka kwa mguu mmoja huku mwenzao akiwaangukia gotini. Msimu unaanza Septemba na kwa chuo kama chetu unaishia Novemba, karibu kila Jumamosi, na mechi za nyumbani ni tano hivi. Chuo chetu ni cha daraja la tatu katika mfumo wa michezo ya vyuo wa hapa, maana yake vijana hawa hawapewi hata udhamini wa masomo kwa ajili ya mpira. Wanacheza kwa mapenzi, na magoti wanayochezea ndiyo watakayozeeka nayo.

Ulitaka kujua imekuwaje nchi yenye ardhi nzuri namna hii ikaifunika kwa plastiki. Ilianzia Houston, Texas. Mwaka 1965 walifungua Astrodome, uwanja mkubwa wenye paa, na ndani wakapanda nyasi halisi kwa kutegemea mwanga unaopita kwenye vioo vya paa. Wachezaji wa besiboli wakalalamika kwamba mng'ao wa paa unawapotezea mpira hewani. Vioo vikapakwa rangi, mwanga ukapungua, nyasi zikafa. Mwaka 1966 likaletwa zulia la plastiki lililotengenezwa na kampuni ya Monsanto, nalo likabatizwa jina la uwanja: AstroTurf. Kwenye jengo lenye paa sina ugomvi nalo, kwa kuwa hapakuwa na njia rahisi ya kukuza mmea gizani. Ila vyuo vyenye viwanja vya wazi, chini ya jua na mvua ya Mungu, navyo vikaiga. Tennessee waliweka plastiki 1968. Chuo Kikuu cha Michigan kikafuata 1969.

Hiki cha Michigan ndicho watu wa kamati wanachonitajia kila siku, maana ni jirani na ni mashuhuri. Mwaka 1991 waliondoa plastiki yao wakarudisha nyasi halisi, na mwaka 2003 wakazing'oa na kuweka nyasi bandia za kizazi kipya, zile zenye nyuzi ndefu zilizojazwa mchanga na chembechembe za mpira. "Unaona?" wananiambia. "Kama wao na utajiri wao wameshindwa, sisi ni nani?" Wanasema ni baridi. Lakini wewe ungeuliza swali ambalo hakuna aliyeliuliza kwenye kikao: udongo wao ulikuwaje? Uwanja ule umechimbwa kama bakuli, na mwaka ule wa 1991 sakafu yake ilishushwa zaidi ya mita moja ili watazamaji waone vizuri. Ikaangukia chini ya kiwango cha maji ya ardhini. Mizizi gani itashika vizuri hapo? Kilomita kama mia moja tu kutoka hapo, East Lansing, Chuo Kikuu cha Michigan State walifanya kinyume. Walikuwa na plastiki, wakaitoa, na tangu 2002 wanacheza juu ya nyasi halisi. Anga ni lile lile, theluji ni ile ile. Tofauti ni kilicho chini ya nyasi, na kwamba Michigan State wana wataalamu wa nyasi za michezo wanaosikilizwa. Hao ndio walioweza kuleta nyasi halisi ndani ya uwanja wenye paa wa Pontiac kwa ajili ya Kombe la Dunia la 1994. Walizikuza nje, kwenye masanduku yenye pembe sita, kisha wakayaunganisha ndani.

Sasa nije kwenye magoti, maana ndipo roho yangu ilipo. Kiatu cha njumu kikizama kwenye nyasi halisi na mchezaji akageuka kwa nguvu nyingi, nyasi zinang'oka. Linatoka bonge, linabaki shimo, mimi naenda kuliziba Jumapili. Kwenye nyasi bandia njumu zinashikwa na hakuna kinachong'oka, na ile nguvu lazima iende mahali. Inapanda kwenye kifundo cha mguu na kwenye kano za goti. Watafiti walipochambua mechi za ligi ya kulipwa ya NFL za misimu ya 2012 hadi 2016, waliona majeraha ya miguu kwenye nyasi bandia yamezidi yale ya nyasi halisi kwa asilimia 16 kwa kila zamu ya mchezo ndani ya mechi. Wapo wanaojibu kwamba ligi ile si sawa na vyuo, na kwamba kuna misimu ambayo pengo lilipungua. Sawa. Ila mimi mzigo wa kuthibitisha nauweka kwa anayetaka kubadilisha.

Halafu joto. Wewe ukisikia Michigan unafikiria theluji, lakini mazoezi ya timu huanza Agosti, vijana wakiwa na kofia ngumu na makinga ya mabega. Mwaka 2002 watu wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, huko Utah, walipima uwanja wao wenyewe. Siku ambayo hewa ilikuwa kama nyuzi 37, uso wa nyasi bandia ulifika nyuzi 93. Karibu maji ya kuchemka, Baba Neema! Waliumwagia maji ukashuka kutoka 79 hadi 29, lakini baada ya dakika tano ulikuwa umepanda hadi 49, na baada ya dakika ishirini ulikuwa 73. Nyasi halisi hazifiki huko kwa sababu zinatoa jasho. Wewe ndiye uliyenielewesha jambo hilo tulipokuwa mwaka wa kwanza, ukichora jani kwenye kona ya daftari langu.

Zile chembechembe nyeusi zinazojazwa kati ya nyuzi ni matairi chakavu yaliyosagwa, maelfu kwa maelfu kwa uwanja mmoja. Zinanata kwenye soksi, zinaingia kwenye mifereji. Umoja wa Ulaya mwaka 2023 ulipitisha sheria ya kuzuia uuzaji wake, na kutoa muda wa miaka minane viwanja vijipange. Sisi tukiziweka leo tutakuwa tunanunua kitu ambacho wenzetu wanakiaga.

Nisiwaonee wenzangu wa upande wa pili. Hoja yao kubwa ni saa za matumizi, na ni hoja ya kweli. Nyasi za huku, hizi za bluu za Kentucky, udongo ukipoa chini ya nyuzi 10 zinakua kwa shida. Jeraha la Novemba linasubiri Aprili. Nyasi bandia zinachezewa asubuhi, mchana na usiku, leo bendi ya chuo, kesho soka la wanawake, keshokutwa mahafali. Nyumbani nasi tulishangilia viwanja vya Kaitaba, Bukoba, na Nyamagana, Mwanza, vilipowekwa nyasi bandia, na mpaka leo naona ilikuwa haki, kwa sababu uwanja mmoja ulikuwa unabeba timu za mji mzima, ukiwa vumbi kiangazi na tope masika. Kwa matumizi ya namna hiyo nyasi halisi zisingepata nafasi hata ya kupumua.

Lakini uwanja wetu mkuu una mechi tano! Viwanja vya mazoezi viko nyuma ya maktaba, na huko ndiko kila mtu anakokanyaga kutwa. Kama lazima chuo kiwe na plastiki, iwekwe huko, bila matairi, na uwanja wa mechi uachwe uishi. Nimeliandika hili kwenye ukurasa wa kwanza wa maelezo yangu, kwa sababu nimeona watu wanabishana nyasi zipi ni bora bila kuuliza kwanza uwanja utakanyagwa mara ngapi kwa wiki.

Ninachopendekeza ni hiki. Tuchimbe mfinyanzi wote. Chini kabisa tulaze mabomba yenye matundu, juu yake kokoto sentimita 10, kisha mchanga sentimita 30, ndipo nyasi. Ikipatikana fedha ya ziada, tushone nyuzi za plastiki ndani ya mchanga, kama sentimita 18 kwenda chini, mizizi ijizungushe humo na kushikana. Timu ya Green Bay, huko Wisconsin, wanacheza hivyo kwenye uwanja wao wa Lambeau, na baridi yao inatushinda. Kwa Kombe la Dunia la 2026 FIFA ilidai nyasi halisi kwenye kila uwanja, hata ule uliozoea plastiki, na watafiti wa Michigan State na Tennessee ndio waliopewa kazi ya kutafuta namna. Ujuzi upo kilomita chache kutoka hapa.

Laiti tungekuwa kusini, ningekuwa na raha zaidi. Kule vyuo vingi vinachezea ukoka! Aina yao maarufu, Tifway, ilitolewa mwaka 1960 kutoka Tifton, Georgia, na imetokana na ukoka wa kawaida kukutana na ukoka mwembamba wa Transvaal, Afrika Kusini. Mmea wa kwetu, unatambaa, unajiziba wenyewe ukiumizwa. Huku kwetu ungekufa kwa baridi.

Kuhusu fedha sitakuchosha. Zulia la plastiki linadumu miaka minane hadi kumi na miwili, kisha linatolewa na kupelekwa jalalani, na kuweka jingine ni mamia ya maelfu ya dola. Nyasi halisi gharama yake kubwa ni watu wa kuzihudumia. Ndiyo maana wapo watakaosema natetea ugali wangu. Wacha waseme. Hata wakinihamishia kwenye bustani za maua kesho, nitawaambia yale yale.

Sasa nisaidie. Mchanga mtupu haushiki maji wala mbolea, na kamati itaniuliza nitazilishaje nyasi bila kila kitu kutiririkia mtoni. Wewe umezoea mchanga wa Pwani. Ungechanganya mboji kiasi gani kabla mabomba hayajaanza kuziba? Na mbolea ungeigawa mara ngapi, kidogo kidogo kila wiki mbili, au ungetumia zile zinazoyeyuka polepole? Niandikie hata kama ni kwa kifupi, ila uandike kabla ya mwisho wa mwezi. Kama bado unayo yale madaftari ya mwaka wa tatu, nipigie picha kurasa za upitishaji maji.

Msalimie sana Mama Neema. Mwambie shemeji yake bado anayadai yale mapishi ya samaki wa nazi.

Rafiki yako,
Baba Baraka