Chati za picha za Kiingereza zinawachanganya watoto wetu

Mhariri,

Ukipita Darajani au Chake Chake utazikuta chati za herufi zimetundikwa madukani, na wazazi wanazinunua kwa nia njema. Nyingi zimechapwa kwa Kiingereza: C ina picha ya paka, D ya mbwa, E ya yai, F ya samaki. Mtoto wa miaka minne akitazama C anaona paka, na sauti inayomjia mdomoni ni p. Hajakosea, chati ndiyo haikutengenezwa kwa ajili yake.

Wimbo wa "ei, bii, sii" una madhara zaidi. Kwa Kiingereza jina la E hutamkwa "i", na jina la I hutamkwa "ai". Aliyekaririshwa hivyo, ukimwambia asome meza, anasoma miza. Kiswahili kina irabu tano, na kila moja ina sauti ile ile popote itakapokaa. Nyumbani tuanze na hizo, kwa sauti zake.

Tuangalie pia mtoto anakuja na nini kutoka chuoni, yaani madrasa anakosomea Kurani. Fatha, kasra na dhumma, alama za irabu za Kiarabu, zimeshamzoesha a, i na u. E na o hazina alama zake huko, kwa hiyo zinataka siku zaidi. P, v, g na ch nazo ni ngeni kwake. Lakini th, dh, gh na kh, ambazo kwengine huwatoa walimu jasho, keshazipata kwenye the, dhali, ghaini na khe. Mkifika kwenye thamani na dhahabu muoneshe tu kwamba sauti anayoijua sasa inaandikwa kwa herufi mbili. Akiandika kuanzia kulia msimgombe, ndivyo anavyoandika chuoni; tieni nukta ya rangi kushoto mwa mstari, aanzie hapo.

Baada ya irabu msifuate mpangilio wa alfabeti. Anzeni na m, kisha l, n na s. Sauti hizi zinavutika, mtoto anapata muda wa kuziunganisha na irabu inayofuata; b, t na k hukatika papo hapo, zisubiri. Tamkeni "mmm", si "me" wala "emu". Anayefundishwa "me" halafu "a" atakusomea "mea", na hapo mzazi huanza kupandisha sauti bure. Kwa m peke yake na irabu tano mtoto anasoma mama, mimi, uma, umo. Ongezeni l, anapata lala, lima, mali, ulimi.

Kadi si za kununua. Kateni boksi vipande vya sentimita 10 kwa 10, muandike herufi ndogo, maana ndizo atakazokutana nazo karibu kila mahali; herufi kubwa ya kuanzia jina lake inatosha kwa sasa. Pigeni mstari chini ya herufi. Bila ya mstari huo kadi ikigeuzwa u inakuwa n na d inakuwa p. Na d isifundishwe wiki moja na b. Mojawapo ikae kwanza mpaka aitambue bila ya kusita.

Silabi tunazifundisha kwa komwe za bao. Taja neno, naye aweke komwe moja kwa kila silabi: kuku mbili, samaki tatu. Watu wazima huteleza kwenye m. Mtu ni komwe mbili, m-tu, kwa kuwa m imesimama peke yake. Mbuzi nayo ni mbili, mbu-zi, kwa kuwa m imeshikana na b. Lakini mbu anayeuma usiku ni m-bu, m imesimama peke yake tena. Msimueleze kanuni, tamkeni taratibu huku akipiga makofi, atalisikia mwenyewe. Taa ni komwe mbili; anayeweka moja ndiye atakayeandika "ta". Ng na ng' ziwe za mwisho.

Dakika 10 kabla ya maghribi zinatosha. Mtoto keshatoka skuli na keshatoka chuoni, kumkalisha dakika 40 ni adhabu. Kadi tano kwa siku: nne anazozijua, moja mpya. Akikosea, tamka wewe iliyo sahihi, arudie, muendelee.

Kwa wachapishaji wa chati, a iwe ya asali, e ya embe, i ya iliki, u ya ua. O ni ngumu kuipatia picha, tunakubali, lakini omo, sehemu ya mbele ya jahazi, mtoto wa pwani anaijua. Nawe Mhariri, ukurasa wa watoto ungeweza kutoa kila wiki silabi za konsonanti moja, kwa maandishi manene ya kukatwa kwa mkasi na kubandikwa kwenye boksi.

Walimu wa maandalizi,
Wete, Pemba