Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa KNBS, shirika la takwimu la Kenya: huyu mwanangu mwamhesabu vipi?

Bwana Mkurugenzi, salamu kutoka Likoni, Mombasa. Mimi si msomi wa hesabu, ila juzi kijana wa dadangu anayesomea takwimu alinionyesha kwa simu vile nyinyi mwapima nani maskini nani ana nafuu, na tangu siku hio sijatulia.

Kumbe matumizi ya nyumba hamgawanyi kwa vichwa. Wa miaka 15 kwenda juu ni 1, wa 5 hadi 14 ni 0.65, mdogo wa chini ya hapo ni 0.24, yaani hata robo mtu hafiki. Na mizani yenyewe ni ya 1977! Enzi hizo mtoto akifungwa winda, lafuliwa laanikwa. Daipa haianikwi bwana.

Haya, nyumba yangu. Mimi na mzee ni 2, wadogo wawili 0.48, kifungua mimba wangu wa miaka 9 ni 0.65, jumla 3.13. Tuseme mwezi huu tumetumia 31,300, na kijana wa bodaboda wa chumba cha mbele, hii nyumba yetu ni ya Kiswahili twatazamana milango, yeye yuko peke yake katumia 10,000. Kwa karatasi zenu, 31,300 gawa kwa 3.13, tuko sawasawa, elfu kumi kwa elfu kumi, na sote tumeuvuka ule mstari wa umaskini wa mjini wa 2015/16, shilingi 5,995 kwa mwezi.

Ila kifungua mimba wangu ana mtindio wa ubongo. Hatembei, haja hawezi kujizuia, daipa za watoto hazimtoshi tena nanunua zile za wazee. Kila Alhamisi ni mazoezi ng'ambo ya kivuko, feri kwa miguu ni bure lakini ule mteremko nambeba mgongoni na miguu yake sasa yanigonga magotini, alafu tukishuka ni tuktuk kwenda na kurudi. Tuseme yote hayo yala 9,000. Toa, gawa tena: tumebaki na elfu saba na kidogo kila mmoja. Jirani kumi zake anazo.

Na sio hio 0.65 peke yake. Nyinyi mwapima kwa matumizi, sasa nikinunua daipa mwaona hali yangu imepanda. Nikiacha kumpeleka mazoezi, miguu ikakakamaa, hapo ndio nitaonekana nimekuwa maskini. Jamani! Na ile Gini mwatangaza, kile kipimo cha pengo la walio nacho na wasio nacho, yatoka kwa hesabu hizi hizi.

Najua mtasema kodi ya nyumba. Kweli, jirani alipa chumba peke yake na sisi watano twagawana paa, na mizani yenu hilo pia haioni. Ulaya wanayo nyingine, mtu mzima wa pili ni nusu, mtoto 0.3. Kwa hio nyumba yangu ni 2.4, na mimi ndio tajiri wa huu ukumbi, elfu kumi na tatu! Kwa hivyo yategemea nani kashika mizani, na mtoto wangu haonekani kwa yoyote kati ya hizo mbili.

Sensa ya 2019 mliuliza nani ana shida ya kuona, kusikia, kutembea, kujihudumia, kwa hivyo kuuliza mwajua. Uchunguzi ujao wa matumizi ya nyumba, gharama za ulemavu ziulizeni kando, muzitoe kabla ya kugawa, alafu mtoe Gini mbili, ya zamani na hio, watu waone pengo lasogea wapi. Serikali kwa mwenye ulemavu mkubwa yatoa 2,000 kwa mwezi kupitia mpango wake wa msaada wa pesa, Inua Jamii. Nani alikaa chini akapiga hesabu ya daipa hapo?

Karani wenu akija karibu sana, tutamueleza yote na chai atakunywa. Asije Alhamisi tu, hatupo.