Barua kwa Wazazi: Kufunga Muhula na Kazi ya Likizo

Ndugu Wazazi na Walezi,

Habari za nyumbani. Tunafunga shule Ijumaa hii saa sita mchana. Ripoti watoto watakuja nazo wenyewe. Zisomeni, mzitie saini, zirudi siku ya kufungua.

Nina jambo jingine, lililoanzia darasa la sita. Mwanafunzi mmoja aliuliza: kama hifadhi ni ya wanyama, mbona hata mawe na mapango yanawekewa walinzi? Nilikuwa napita tu, nikaishia kukaa kipindi kizima.

Tulianza na Ngorongoro. Wengi wanaijua kwa faru na nyumbu wa kreta. Humohumo hifadhini, pale Laetoli, mwaka 1978 zilipatikana nyayo za viumbe wa ukoo wetu waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano, miaka takriban milioni 3.6 iliyopita. Kilichowashangaza watoto ni kwamba wataalamu walizifukia tena ili zisiharibike. Hata huko chini hazikusalimika: migunga ikaota juu yake, mizizi ikazifuata. Ikabidi zifukuliwe upya miaka ya 1990, zitibiwe, zifukiwe mara ya pili. Kumbe kuhifadhi si kutangaza mpaka wa eneo kisha ukaenda kulala.

Ngorongoro iliingia orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1979 kwa maumbile yake. Utamaduni wake ukatambuliwa 2010. Uluru, hifadhi yenye mwamba mkubwa huko Australia, nayo ilitangulia kwa maumbile, 1987, utamaduni ukafuata 1994. Waanangu, wenyeji ambao mwamba ule ni mtakatifu kwao, kwa miaka mingi waliwasihi wageni wasiupande. Marufuku ilikuja Oktoba 2019. Kwa maoni yangu, tumezoea kuwahesabu wanyama kwanza na kuwauliza wenyeji mwisho. Sikuwaficha watoto kwamba hifadhi ya Yellowstone ya Marekani, iliyotengwa mwaka 1872, iliwafungia nje watu waliowinda humo vizazi na vizazi.

Basi likizo hii kila mtoto wa darasa la sita achague mahali pamoja panapolindwa, awe amepatembelea au amepasoma tu, aandike kurasa mbili: kinachoishi hapo, na wanachokikumbuka watu kuhusu hapo. Babu na bibi waulizwe. Ila watoto msiwaandikie, muhula uliopita niliitambua miandiko ya wazazi kadhaa.

Daftari lije pamoja na ripoti.

Wenu,
Mwalimu Mkuu