Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: homa kali ya mtoto haingoji barabara ikauke

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Kayole, Nairobi, mimi mzaliwa wa Siaya. Hapa jijini malaria haitutishi sana. Lakini shule zikifungwa tunawapeleka watoto ushago, Busia, Homa Bay, Migori, na huko homa ni habari nyingine. Mtoto analala mzima, alfajiri amelegea, anatapika kila anachopewa, degedege imemshika. Vidonge havikai tumboni. Sindano iko hospitali, na hospitali iko ng'ambo ya mto uliofurika.

Mtoto huyo ana dawa yake: artesuneti ya kuingizwa kwenye njia ya haja kubwa, miligramu 100, kwa walio chini ya miaka 6. Mhudumu wa afya ya jamii akifunzwa anaweza kuitoa palepale nyumbani, kama huduma ya kwanza kabla ya safari ya hospitali. Utafiti wa Ghana, Tanzania na Bangladesh uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa kwa wagonjwa waliochukua zaidi ya saa 6 kufika kituoni, vifo na ulemavu wa kudumu vilipungua kwa karibu nusu. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likathibitisha ubora wake.

Mheshimiwa, kuna upande wa pili, na ndio ulionifanya niandike. Dawa hiyo ilipopelekwa vijijini Uganda, Nigeria na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, vifo havikupungua ilivyotarajiwa. Baadhi ya watoto hawakufikishwa hospitali, na wengi waliofika hawakumaliziwa kwa vidonge vya mseto, yaani vya kuchanganya dawa za malaria, baada ya sindano. Mwaka 2022 Shirika likazitaka nchi zisiitandaze zaidi; 2023 likatoa mwongozo mpya wa kuitumia. Dawa haikuwa na kasoro. Iliachwa peke yake.

Sisi tusiiache peke yake. Tangu 2023 serikali imewapa wahudumu wa jamii wapatao 100,000 mikoba ya kazi. Naomba wahudumu wa kaunti za Ziwa Victoria, pamoja na wa kaunti ya Turkana, wawe na artesuneti hiyo daima. Naomba pia nauli ya boda boda ilipwe na hospitali mtoto anapofikishwa, maana mama asiye na senti usiku wa manane hubaki nyumbani akiomba Mungu. Na huko hospitalini sindano na mseto visikosekane.

Tafadhali tujibu hadharani kabla ya mvua za masika: ni wahudumu wangapi wa Siaya na Turkana walio na dawa hiyo mkobani leo?

Wako mwananchi,
Mzazi wa Kayole