Mbona unapigiwa taa wakati zako ziko kwenye dimu?

Kama karibu kila gari unalopishana nalo usiku linakupigia taa, na wewe una hakika uko kwenye dimu, yaani taa za chini za kupishania, dereva wa upande wa pili anakwambia ameacha kuiona barabara. Wateja wengi wa gereji yetu wenye tatizo hili hudhani taa zao zina nguvu kupita kiasi, kwa hiyo huomba tuwawekee balbu hafifu. Mara nyingi nguvu haina kosa. Mwanga unakwenda usikotakiwa kwenda, na hilo hurekebishika bila kupunguza hata chembe ya mwanga unaokuonyesha njia.

Hata hivyo, LED (taa za chipu za kielektroniki) inaumiza macho kuliko halojeni (balbu za uzi unaowaka), na hilo si hisia tu. Balbu ya halojeni ya H7 (aina yenye uzi mmoja), wati 55, hutoa takriban lumeni 1,500 (kipimo cha wingi wa mwanga) za mwanga wa njano, kama kelvini 3,200 hivi (kipimo cha rangi ya mwanga). LED nyingi za magari ziko kati ya kelvini 5,500 na 6,500, mwanga mweupe wenye samawati nyingi ndani yake. Wakati wa usiku jicho husumbuliwa zaidi na samawati hata kipimo cha mwanga kikiwa kilekile. Tena taa za LED zimekuwa nyembamba. Mwanga uleule ukitokea kwenye kidirisha kidogo badala ya kioo kipana, humchoma zaidi anayeutazama. Kwa mtu mzima wa umri mkubwa ni taabu zaidi, maana lenzi ya jicho lake hutawanya mwanga na macho huchelewa kurudi sawa baada ya gari kupita.

Ndiyo maana kosa dogo la mwelekeo, ambalo kwenye halojeni lisingeonekana, kwenye LED linageuka kuwa ugomvi wa barabarani.

Dimu ina ukingo: chini yake mwanga, juu yake giza. Ukingo huo hutakiwa kuinama kidogo kadiri mwanga unavyokwenda mbele, na mwinamo wake hutajwa kwa asilimia. Asilimia 1 maana yake mwanga unashuka sentimita 1 kwa kila mita 1, yaani sentimita 10 ukifika mita 10. Kanuni namba 48 ya Umoja wa Mataifa, inayofuatwa na nchi nyingi, inataka mwinamo wa asilimia 1 hadi 1.5 kwa taa zilizo chini ya sentimita 80 kutoka ardhini, na asilimia 1.5 hadi 2 kwa taa zilizo juu ya mita 1. Magari ya juu yanaongezewa mwinamo kwa sababu taa zao zinakaribia usawa wa macho ya mwenye gari dogo.

Chukua taa iliyo sentimita 70 kutoka ardhini. Ikiwa na mwinamo sahihi wa asilimia 1, umbali wa mita 50 ukingo wa mwanga uko sentimita 20 tu juu ya lami. Sasa inyanyue ielekee juu kwa asilimia 1. Palepale mita 50, ukingo umepanda hadi sentimita 120, ambapo ndipo yalipo macho ya dereva wa gari dogo. Tofauti kati ya hali hizo mbili ni nyuzi 1 na kidogo tu. Kwa kutazama taa yenyewe huwezi kuigundua, lakini ukutani inaonekana waziwazi.

Kipimo cha ukutani unaweza kukifanya mwenyewe. Tafuta sakafu iliyo sawa kabisa yenye ukuta mbele, na hapa usibahatishe, kwa sababu mteremko kidogo wa sakafu unaharibu kipimo chote. Jaza upepo wa tairi kama kibandiko cha mlangoni kinavyosema, toa mizigo isiyokaa garini siku zote, mweke mtu mmoja kwenye kiti cha dereva, na kama dashibodi ina kigurudumu cha kushusha taa, kirudishe kwenye 0. Sogeza gari hadi karibu liguse ukuta, kisha weka alama ya utepe mbele ya kitovu cha kila taa. Rudi nyuma moja kwa moja mita 10. Chini ya alama zile piga mstari mwingine: sentimita 10 chini kwa mwinamo wa asilimia 1, sentimita 12 kwa asilimia 1.2. Asilimia ya gari lako mara nyingi imechapwa kwenye kibandiko au kwenye plastiki ya taa, ukifungua boneti, pembeni ya alama inayofanana na taa.

Washa dimu, ziba taa moja kwa kadibodi, tazama nyingine. Upande wa magari yanayokuja, ukingo ulale sawasawa kwenye mstari wa chini. Upande wa kando ya barabara, ukingo kwa kawaida hupanda ili kuonyesha waenda kwa miguu na vibao. Pale unapoanza kupanda pawe mbele ya kitovu cha taa hiyohiyo. Ukiona unapanda kuelekea upande wa magari yanayokuja, taa hizo zimetengenezwa kwa nchi zinazoendesha upande mwingine wa barabara, na nyingi kati yake haziponi kwa kuzungusha skrubu. Ni kubadili taa nzima. Hakikisha kwa kusoma kioo cha taa. Karibu na herufi E iliyo ndani ya duara, mshale unaoelekea kulia kwako ukiwa umesimama mbele ya taa maana yake ni taa ya kuendeshea upande wa kushoto wa barabara. Mshale wenye ncha mbili ni taa inayoweza kuwekwa kwa pande zote mbili. Bila mshale, ni ya kuendeshea upande wa kulia wa barabara.

Kama tofauti ni ya juu na chini tu, nyuma ya taa kwa kawaida kuna skrubu mbili, moja ya juu-chini na nyingine ya kushoto-kulia. Zungusha nusu mzunguko, tazama ukutani, zungusha tena. Lakini gari lenye taa zinazojishusha zenyewe usiliguse skrubu kwanza. Magari hayo yana sensa kwenye ekseli, iliyounganishwa na mkono wa springi kwa kijiti chembamba chenye vifundo vya plastiki. Kijiti hicho kikivunjika, au mtu akibadilisha springi, au gari likinyanyuliwa, kompyuta inasoma urefu usio wa kweli na kuweka taa pabaya. Ukikaza skrubu juu ya hitilafu hiyo, siku sensa itakapotengenezwa taa zitakuwa zimepotoka upande wa pili. Dawa ni kutengeneza kijiti au sensa, kisha kuiambia kompyuta upya, kwa mashine ya kusoma hitilafu, kwamba urefu huu ndio sifuri.

Tunakokutana na kesi ngumu zaidi ni kwenye balbu za LED zilizochomekwa ndani ya taa ya halojeni. Hapa inafaa kuelewa kinachotokea ndani. Ndani ya balbu ya H4, aina nyingine ya halojeni, kuna nyuzi mbili: wa dimu na wa taa kubwa. Uzi wa dimu una kikombe kidogo cha chuma chini yake, kinachouzuia mwanga usifike nusu ya chini ya reflekta, yaani bakuli linalong'aa la ndani ya taa linalorusha mwanga mbele. Mwanga unapiga nusu ya juu peke yake, na nusu hiyo inaurusha chini barabarani. Mwanga wowote utakaofika nusu ya chini utarushwa juu, machoni mwa watu. Balbu ya LED isiyo na kikombe hicho, au iliyo na kikombe kisichokaa mahali pake, inamulika nusu zote mbili. Hapo hakuna skrubu itakayosaidia: ukishusha taa hadi watu wasilalamike, wewe mwenyewe utakuwa unaona mita chache tu.

Kwa H7 shida ni umbo la chanzo. Uzi wa halojeni ni mwembamba na unatoa mwanga pande zote. LED ni chipu zilizobandikwa pande mbili za kipande bapa cha chuma. Unene wa kipande hicho tu unazisogeza nje ya mahali ambapo reflekta inautegemea uzi. Ikiwa imefungwa chipu zikitazama juu na chini badala ya kushoto na kulia, ukingo unayeyuka kabisa. Wakati mwingine kulegeza kola na kuzungusha balbu hadi chipu zitazame pembeni kunaboresha mengi. Taa yenye lenzi ya duara inavumilia zaidi kwa sababu ukingo wake unatengenezwa na kizuizi cha ndani, ingawa hata humo mwanga wa mbali unaweza kupungua. Ujerumani iliruhusu balbu ya LED ya aina hii mwaka 2020, lakini kwa modeli za magari na taa zilizotajwa kwenye orodha tu, kwa sababu kila reflekta ilibidi ipimwe na balbu hiyo. Kama taa yako haijapimwa na balbu uliyonunua, ushauri wetu ni mmoja: rudisha halojeni nzuri yenye wati zilizoandikwa kwenye taa. Wala usikimbilie zile za wati 100. Zinachoma reflekta na kuyeyusha vitako vya waya.

Kioo cha taa kilichopauka nacho hutawanya mwanga kila upande. Husuguliwa kwa msasa wa maji namba 1000, kisha 2000, kisha 3000, kinang'arishwa kwa polishi, halafu kinapakwa rangi angavu ya kuzuia jua. Fundi akiruka hatua hiyo ya mwisho, kioo kitarudi kuwa cha njano mapema sana.

Kwa anayeumizwa na taa za wengine, anza na kioo cha mbele, upande wa ndani. Plastiki za dashibodi zikipata joto huacha utando wa mafuta usioonekana mchana, na usiku kila taa inageuka kuwa ukungu wa nuru. Futa kwa dawa ya vioo na kitambaa safi kisichoacha manyoya, mara mbili. Miwani ya njano ya usiku usinunue: inapunguza mwanga wote, pamoja na ule unaokuonyesha mtu aliyevaa nguo nyeusi pembezoni mwa barabara.

Ukilileta gari tulipime, lije na upepo sahihi wa tairi na mzigo unaobeba siku zote, kama vifaa vya kazi ambavyo havishuki kwenye buti. Tukipima gari tupu, taa zitakuwa sawa gereji na zitapanda tena ukishapakia. Utuambie pia kama springi au shokapu zimebadilishwa karibuni, na kama una balbu za zamani za halojeni, zilete.