Harambee ya Kuokoa Picha za Majirani Zetu wa McDowell

Bwana Yesu asifiwe, ndugu wapendwa.

Sisi waumini wa ibada ya Kiswahili hapa Roanoke, Virginia, tunawaomba mchango wa kuokoa picha za zamani za familia za kaunti ya McDowell, jimbo la West Virginia, ng'ambo ya milima yetu hii. Wapo waliotuuliza: kwa nini picha, wakati watu wanahitaji chakula na nyumba? Ni swali la haki. Chakula na magodoro tulishapeleka, na tutapeleka tena. Lakini wengi wetu tulikimbia Kivu na Burundi bila picha hata moja, kwa hiyo jibu tunalo wenyewe. Kuna mama mmoja kati yetu ambaye wajukuu wakimuuliza babu yao alifananaje, huwaonyesha mjomba wao: "Pua ni hiyohiyo, ila babu alikuwa mrefu zaidi." Hana kingine cha kuwaonyesha.

Mafuriko ya Februari 15, 2025 yaliingia Welch, Kimball na vijiji vingi vya kaunti ile, na watu walipoteza maisha. Picha nyingi zilikuwa kwenye maboksi ya viatu, vyumba vya chini ya nyumba, mahali maji yanapofika kwanza. Walioziwahi wakazitia kwenye friza, na walifanya vizuri. Picha zilizolowa zikikauka zimeshikana, ukizitenganisha sura za watu hubanduka na kubaki kwenye karatasi ya pili. Zikigandishwa, uharibifu husimama hadi apatikane mtu wa kuziyeyusha taratibu, kuziosha moja moja kwa maji safi ya baridi na kuzianika ndani ya nyumba, uso ukiangalia juu. Jua kali huzikunja.

Ni kazi ya mikono na subira. Mikono tunayo.

Picha zenyewe ni za nani? Ni za wachimba makaa ya mawe na watoto wao. Mwaka 1950 kaunti hiyo ilikuwa na watu karibu 99,000. Sensa ya 2020 ilikuta 19,000 na kidogo. Migodi ilivuta Wamarekani weusi kutoka Alabama, Virginia na North Carolina, ikavuta Waitaliano, Wahungari na Wapolandi, wote wakapangwa kwenye nyumba za kampuni na kununua kwenye duka la kampuni. Pale Kimball, mwaka 1928, lilifunguliwa jengo la kuwakumbuka wanajeshi weusi waliopigana Vita vya Kwanza vya Dunia. Linatajwa kuwa la kwanza la aina yake Marekani. Baadaye liliungua zikabaki kuta, likajengwa upya, na mpaka leo limesimama na nguzo zake mbele. Majengo mengine mengi hayakupata bahati hiyo: shule, makanisa na maduka yamebaki kwenye picha tu.

Mtasema picha za kule zipo, mbona tunaziona hapa mjini? Kweli. O. Winston Link alipiga picha treni za mvuke za reli ya Norfolk and Western kati ya 1955 na 1960, zingine huko huko McDowell, na jumba la makumbusho lenye kazi yake liko katika stesheni yetu ya zamani. Ni picha nzuri mno, na ziko salama. Picha tunazozitetea zilipigwa na watu wa kawaida uani kwao. Tulionyeshwa moja: mwanamume amevaa suti, mkono begani mwa binti yake, nyuma yao kibaraza cha nyumba ya kampuni. Nyuma ya karatasi kuna penseli iliyofifia: jina la binti, mwaka 1931, basi. Jina la baba halipo. Wazee wanaoweza kulitaja ni wachache, na ndiyo maana hatutaki kungoja. Kila picha itakaposkaniwa, tutakaa na wenyewe na kurekodi majina kwa sauti zao. Hakuna picha itakayochukuliwa. Familia zitarudishiwa zote, pamoja na nakala za kidijitali.

Lengo letu ni dola 6,500. Skana nzuri inayosoma pia negativu, yaani filamu ambazo picha husafishwa kutoka kwazo, hugharimu zaidi ya dola 1,000. Zinahitajika bahasha na maboksi yasiyo na asidi, diski mbili ili nakala zikae mahali pawili tofauti, na mafuta ya gari, maana kwenda Welch ni mwendo wa saa mbili na nusu hivi kwa njia za milimani. Hakuna atakayelipwa posho.

Dola tano ni mchango, na ahadi pia ni mchango. Mpe mweka hazina baada ya ibada ya Jumapili, au tuma kwa akaunti ileile ya sadaka ukiandika "Picha". Ndugu zetu mlioko Lexington, Knoxville na kwingineko, tunawahesabu nanyi. Mapato na matumizi yatasomwa mbele ya waumini kila mwisho wa mwezi, senti kwa senti. Asiye na fedha aje na Jumamosi yake: tunahitaji vijana wanaojua kompyuta, akina mama na akina baba wenye mikono mipole, na mwenye friza yenye nafasi atuambie wiki hii.